Kamba na Timazi: Ukuta umepinda, au picha?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: picha za kuta zinazotengenezwa kwa programu za fotogrametria. Kwa msomaji anayeingia leo, kazi yenyewe ni hii. Unapiga picha nyingi za ukuta ukisogea kidogo kidogo. Programu inatafuta nukta zilezile katika picha mbalimbali, inakokotoa kamera ilisimama wapi kila mara, kisha inajenga umbo la ukuta la pande tatu. Umbo hilo likitazamwa kwa mistari sambamba, bila kitu cha karibu kukuzwa wala cha mbali kudogoshwa, hupatikana picha bapa iitwayo othofoto. Unaweza kuweka rula juu yake kama juu ya mchoro. Unaweza, lakini si kila wakati ufanye hivyo, na ndiyo maana mmeniandikia.

Assalaam alaykum, Bi Mpimaji. Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba. Nimepewa kazi ya kuchora uso wa nyumba ya kale inayotazama uchochoro, kabla fundi hajaanza kuitengeneza. Nilitumia programu ya Metashape, ile ya majaribio, na picha imetoka nzuri sana. Lakini kwa futikamba uso wa nyumba ni mita 12 kamili, na kwenye picha ni mita 11.80. Ukuta unakunja kidogo baada ya mlango, kama kuta zote za hapa. Pia kingo za baraza zimetoka kama meno ya msumeno, na palipo na wikio, kile chumba cha juu kinachovuka uchochoro, pamechafuka, hapasomeki. Je, nirudie kazi yote?
*Mchoraji, Mkomani, Lamu*

Waalaykum salaam, mwanangu. Usirudie yote. Sentimita zako 20 hazijapotea; umezikuta bila kuzitambua.

Umeniambia mwenyewe kwamba ukuta unakunja baada ya mlango. Futikamba uliyoitandaza ilifuata ukuta na kukunja pamoja nao. Othofoto haikunji. Ina bao moja tu, bapa, na kila kilicho ukutani kinasukumwa moja kwa moja mpaka kwenye bao hilo. Chukua mita 6 za kwanza zilizo sambamba na bao: zinabaki 6. Mita 6 zinazofuata zikiwa zimekunja kwa digrii 15, kivuli chake kwenye bao ni mita 5.80. Jumla 11.80. Futikamba imesema kweli na picha imesema kweli, ila hukuziuliza swali moja.

Dawa yake ni kutengeneza othofoto mbili, kila upande wa kunjo na bao lake, na kwenye mchoro uandike wazi mahali ukuta ulipokunja. Mkomani hakuna ukuta mrefu ulionyooka. Nyumba ziliongezwa mmoja amwozapo binti, mwingine apatapo nafasi, na uchochoro ukafuata. Ukitaka picha moja ya uso wote kwa ajili ya kuonyesha mtaa unavyoonekana, itengeneze pia, lakini fundi asiipime hiyo.

Sasa niulize na mimi: bao lako ulilichagua vipi? Nashuku uliiachia programu, ukabonyeza kitufe na kukubali ulichopewa. Programu haijui chini ni wapi. Haijui pia ukuta unaotaka ni upi. Ikilikadiria bao na kukosea kwa digrii 5 tu, uso wa mita 12 unapungua kwa sentimita 4 na nusu, na jicho halioni chochote kibaya. Kwa hiyo mchague nyinyi wawili, wewe na timazi. Ning'iniza timazi mbele ya ukuta, uzi uonekane katika picha kadhaa, kisha weka alama mbili kwenye uzi huo, moja juu na moja chini. Huo ndio mhimili wako wa wima. Upepo ukivuma, tumbukiza risasi ya timazi kwenye ndoo ya maji, itatulia. Kwa mlalo, tumia mpira wa maji, ule wa mafundi wa kupimia usawa, na ubandike alama mbili zilizo kwenye kimo kimoja, moja karibu na kila mwisho wa sehemu ile ya ukuta iliyonyooka. Zisiwe juu ya tumbo la ukuta wala ndani ya shimo palipobanduka chokaa, maana mhimili utafuata tumbo hilo. Metashape itakuuliza mihimili hiyo miwili unapotengeneza othofoto. Ipe alama zako, usiipe hiari.

Utaona kitu kingine hapo. Ukuta wa kale mara nyingi umeegemea, na kwenye othofoto ya bao wima kuegemea huko hakuonekani. Hilo si kosa, mchoro wa uso wa nyumba ndivyo ulivyo. Kama fundi anataka kujua ukuta umeegemea kiasi gani, lile umbo la pande tatu unalo tayari: likate kwa kisu wima mahali pawili patatu na umpe mikato hiyo. Mimi kwa kazi ya matengenezo nauthamini mkato kuliko picha.

Meno ya baraza. Programu ilijenga ukingo wa baraza kwa kukisia, kwa sababu picha zako zote ulizipiga ukiwa umesimama na kamera imenyooka mbele ya ukuta. Baraza ina uso wa juu, uso wa mbele na pembe inayoziunganisha. Piga safu moja ukiwa umesimama na kamera ikitazama chini kidogo, na nyingine ukiwa umechuchumaa. Vivyo hivyo kwa daka, ule ukumbi wa mlangoni: ingia, piga kuta zake za pembeni, piga hata dari. Picha hizo za kuinama na kupinda ni za kujengea umbo tu. Ukifika hatua ya kupaka rangi othofoto, zizime, ubakishe zilizopigwa kwa kuutazama ukuta mbele kwa mbele. Picha ya pembeni ikipewa nafasi ya kupaka rangi ndipo unapoona mlango umevutwavutwa kama ubani uliotafunwa.

Na wikio. Fikiri kama mchoraji. Wikio linatoka kwenye ukuta wako na kuvuka uchochoro hadi nyumba ya pili. Ukisimama mbele ya ukuta kwa mistari sambamba, wikio liko kati yako na ukuta. Programu imejaribu kulionyesha likitazamwa kutoka mahali ambapo kamera haikusimama, yaani ndani ya nyumba ya jirani. Ndiyo maana pamechafuka. Katika mchoro wa kawaida ungelikata na kulichora kama kitu kilichokatwa. Fanya hivyohivyo: punguza kisanduku cha kazi ndani ya programu hadi mpaka wake wa mbele upite sentimita chache mbele ya baraza, na kila kilicho nje ya hapo, wikio na nyumba ya jirani pamoja, kiondoke. Boriti zilizokatwa zitaonekana kama tundu. Zichore kwa mkono.

Neno la mwisho kwako ni la kipimo. Umesema umetumia futikamba, hukusema ni ya aina gani. Ile ya kitambaa ya fundi cherehani hurefuka ukiivuta, iache. Tumia ya chuma. Tena usiipe programu kipimo kifupi. Ukiipa rula ya sentimita 30 nayo ikaipandisha hadi mita 12, kosa la milimita 1 kwenye rula linazidishwa mara 40, ni sentimita 4. Pima umbali mrefu kati ya alama mbili, pima na wa pili, hizo uipe programu. Kisha pima mishazari miwili mitatu mingine, kona ya chini ya mlango hadi kona ya juu ya dirisha la mbali, na hiyo usiipe. Ifiche. Othofoto ikishatoka, pima mishazari hiyo kwenye picha na ulinganishe. Ripoti ya makosa inayotolewa na programu haitoshi, kwa kuwa inajipima kwa vipimo ilivyopewa yenyewe. Mishazari isipolingana ingawa kipimo kirefu kinalingana, tazama umbo lako kutoka juu: huenda ukuta umejikunja kama upinde. Hiyo hutokea picha zote zikiwa sambamba na lenzi haijajulikana vizuri. Ongeza picha zilizogeuzwa digrii 20 au 30 kushoto na kulia, na chache ulizoisimamisha kamera wima, halafu ukokotoe upya.

Bi Mpimaji, shikamoo. Kwani lazima mambo yote haya? Mimi napiga picha moja kwa simu, nainyoosha kwenye programu ya picha mpaka mlango uwe mraba, basi. Mteja anaridhika.
*Kijana wa Shela*

Marahaba. Kama ukuta ni bapa kama karatasi, umefanya sawa, na sina la kukulaumu. Kunyoosha picha moja kunafanya kazi kwa bao moja tu. Kilichotokeza au kuzama kinahama. Ukisimama mita 3 kutoka ukutani, ukingo wa baraza ulio mita 1.5 pembeni mwa katikati ya picha, na uliotokeza sentimita 60, utaonekana umehama kwa zaidi ya sentimita 37. Kidaka, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu, kilichozama sentimita 20 mahali hapohapo kitahama sentimita 9 upande wa pili. Uso wa nyumba ya Lamu usiokuwa na baraza, daka wala kidaka sijauona.

Simu yenyewe haina ubaya kwa kujifunzia. Tumia lenzi moja, usikuze, funga mwanga na umakinifu visijibadilishe, na uzime urembeshaji. Kuna simu inayolainisha ukuta kama inavyolainisha uso wa bibi harusi.

Bi, nyumba yetu ina zidaka ndani, ukuta mzima, za plasta ya kale. Zinamomonyoka na tunataka picha yenye vipimo kabla fundi hajazigusa. Mwanangu anajua kamera. Amejaribu lakini kompyuta inakataa, inasema picha hazilingani. Chumba ni cheupe na cha giza. Tena kuna mambo ya sitara, sitaki kila mtu aingie na kamera.
*Mama wa nyumba, Langoni*

Dadangu, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Mwanao hana kosa. Programu inafuata nukta: doa, ufa, chembe ya mchanga, kivuli cha punje. Ukuta wa matumbawe usiopigwa plasta ni karamu kwake, nukta zimejaa. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe, safi, hauna kitu cha kushika. Hapo ndipo watu hupata wazo la kubandika vibandiko au kuchora chaki. Nakuomba, asithubutu. Plasta ya zidaka ikishika selotepu, selotepu huondoka na ua lililochongwa kabla ya babu wa babu yako kuzaliwa.

Afanye hivi. Kwanza nuru. Asitumie flashi iliyo juu ya kamera, kwa sababu inatembea naye, na vivuli vya kila kidaka vitabadilika kila picha; programu itadhani ni ukuta mwingine. Atafute taa mbili, azisimamishe kushoto na kulia, azifunike kwa kitambaa cheupe kisichogusa balbu, na asizisogeze mpaka kazi ya ukuta huo iishe. Moja iwe karibu kidogo na ukuta kuliko nyingine. Nuru inayopita ubavuni mwa ukuta huamsha mikwaruzo ya mwiko na vifundo vya chokaa, na hizo ndizo nukta tulizokuwa tukizitafuta. Kamera iwe kwenye miguu mitatu, tundu la lenzi kwenye 8 hivi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi nuru) ya chini kabisa, na ipige yenyewe baada ya kuhesabu sekunde 2, asiibonyeze kwa kidole.

Pili, alama. Programu nyingi huweza kuchapa karatasi za shabaha zenye msimbo ambazo huzitambua zenyewe. Azichape ndogo, azigundishe kwenye vipande vya boksi, avisimamishe ndani ya zidaka kama mnavyosimamisha vyombo. Mbele ya sehemu tupu ya ukuta asimamishe mwanzi kutoka sakafuni na kuufunga uzi wenye vipande vya karatasi za magazeti. Ukuta hauguswi. Baadaye mwanzi na uzi vinafutwa kwenye umbo, na sehemu iliyofichwa ajaze kwa picha chache alizopiga mwanzi ukiwa umeondolewa, lakini kamera na taa zikiwa palepale.

Tatu, umbali na hatua. Ndani, yaani chumba hicho cha zidaka, ni nyembamba, boriti ndiyo iliyoamua upana wake, hivyo hawezi kurudi nyuma sana. Akiwa mita 2 kutoka ukutani, na kamera ya kawaida ya pikseli milioni 24 yenye kihisi kidogo na lenzi ya milimita 18, picha moja inashika upana wa mita 2.6 na kimo cha mita 1.7, na kila pikseli ni chini ya nusu milimita ya plasta. Hiyo inatosha kuchapa kwa skeli ya 1:20, hata 1:10. Asogee nusu mita kila picha, ili kila moja irudie sehemu kubwa ya iliyotangulia, na safu za juu na chini zipandane pia. Baada ya hapo, kwa kila kidaka, picha nne zaidi: akichungulia kutoka kushoto, kulia, juu na chini. Bila hizo mgongo wa kidaka na mashavu yake vitakuwa shimo jeusi.

Ama sitara, una haki. Mimi nikiwa mwanamke huingia ndani za watu, vyumba vya faragha, ambapo wenzangu wa kiume huishia msana, vyumba vya mbele yake, na hata hivyo naomba kitanda kitolewe, nguo zitolewe, picha za familia zigeuzwe. Kamera ya pikseli milioni 24 inasoma hata bahasha iliyoachwa kidakani. Mwanao akimaliza, faili zote zikae kwenye diski yako wewe. Fundi mpe karatasi iliyochapwa, si umbo la nyumba yako. Na mtu yeyote akikwambia lazima azipandishe kwenye kompyuta ya kampuni huko nje ndipo zikokotolewe, mwambie zipo programu zinazofanya kazi kwenye kompyuta ya mezani bila intaneti.

Programu zipi za bure zinaweza? Metashape ni ghali kwetu.
*Mwanafunzi wa usanifu, yuko likizo Lamu*

Angalia kwanza unanunua ipi: Metashape ya bei nafuu, ile ya Standard, haina alama za kupimia wala othofoto, hizo ziko kwenye ya Professional peke yake. Wengi hugundua wameshalipa. Kwa bure, MicMac ya taasisi ya ramani ya Ufaransa inatoa othofoto za kweli, ila utaiamrisha kwa kuandika na utasumbuka. Njia ninayowafundisha vijana ni Meshroom kujenga umbo, CloudCompare kuliweka kwenye kipimo na kulisimamisha wima, kisha Blender yenye kamera ya mistari sambamba kutoa picha. Ni hatua nyingi, lakini kila hatua unaiona ilichofanya. Meshroom inataka kompyuta yenye kadi ya michoro ya NVIDIA kwa kazi nzito; ulizia chuoni kwako.

Hujambo Bi Mpimaji. Nafundisha historia Malindi. Nataka wanafunzi watengeneze picha bapa ya guzo la kaburi la kale, kama yale yaliyo karibu na Msikiti wa Juma. Guzo ni la mviringo. Linawezekanaje kuwa bapa? Na je, turushe droni tufike juu?
*Mwalimu, Malindi*

Sijambo, mwalimu. Una njia mbili, na zinajibu maswali tofauti. Ya kwanza ni othofoto nne, kila upande wa dunia moja, guzo likionekana kama lilivyo kwa mtu aliyesimama mbali. Kimo na unene vitapimika, lakini kilicho kwenye mashavu kitabanwa. Ya pili ni kulikunjua guzo kama mkeka: programu hukokotoa bomba na kulifungua. Guzo la kipenyo cha sentimita 80 litakupa picha ya upana wa mita 2.51. Hapo nyufa zote zinaonekana kwa mfululizo, hakuna iliyojificha nyuma. Ila bomba ni bomba. Guzo likipungua kuelekea juu, tuseme kutoka sentimita 80 hadi 70, kule juu picha imenyooshwa kwa asilimia 14 kwa upana. Waandikie wanafunzi hilo pembeni mwa picha, maana watapima tu.

Kuzunguka guzo, picha yako ya mwisho ya mzunguko lazima ipandane na ya kwanza, la sivyo programu italiacha wazi kama shati lisilofungwa vifungo. Chagua siku ya mawingu, au alfajiri kabla jua halijachagua upande. Sisi hapa Lamu nyumba za pwani zinatazama mashariki, kwa hiyo tunazipiga baada ya alasiri zikiwa kivulini zote.

Droni, kwa darasa la historia, singeirusha. Inahitaji usajili na ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na kwa makaburi yenyewe utahitaji pia ruhusa ya Makumbusho ya Taifa, ambayo hata kwa kamera ya mkononi ni adabu kuiomba. Wala ngazi usiegemeze kwenye guzo. Mjerumani Albrecht Meydenbauer alikaribia kuanguka alipokuwa akipima kanisa kuu la Wetzlar mwaka 1858, na hofu hiyo ndiyo iliyomsukuma apime kwa picha badala ya kupanda. Mwaka 1885 serikali ya Prussia ikamfungulia taasisi nzima ya kazi hiyo mjini Berlin. Wewe tafuta upondo kwa mabaharia, ule mrefu wa kusukumia mashua, ufunge kamera nyepesi kwenye ncha kwa skurubu ya robo inchi, na uiamrishe kwa simu. Mwanafunzi mmoja ashike upondo, wa pili ashike kitako chake, wa tatu atazame kioo cha simu na kusema simama. Wakati wa kuvuta picha upondo usiyumbe. Kama unayumba, ongeza mwendo wa kamera hadi sehemu ya 1 kwa 250 ya sekunde na ukubali ISO ipande.